Dirisha Namba Nne

Mume wangu, Mwalimu Ambakisye,
hufa kila usiku, kisha hughairi.

Naanza hivyo ili unisikilize,
wewe wa dirisha namba nne, mwenye kalamu iliyofungwa kamba.
Wahenga walisema usingizi ni nduguye mauti.
Hawakusema kwamba ndugu huyo
angehamia kwetu Tukuyu, alale katikati yetu,
avute blanketi.

Kukoroma nimekuzoea,
miaka kumi na tisa, kama mvua juu ya bati,
na Tukuyu ukiichukia mvua, uhame.
Kinachoniamsha si mngurumo.
Ni pale unapokatika.

Basi nahesabu. Moja. Mbili.
Ukungu umekaa dirishani. Kumi na nne.
Mbwa wa jirani kanyamaza naye. Ishirini na sita.
Nampiga kiwiko cha mbavu,
anarudi kwa pumzi ya mtu aliyeopolewa kisimani,
anauliza, "Kengele imelia?"
na kulala tena, hana habari.

Kila akikatika natoa haragwe moja kwenye bakuli,
nalitia kwenye kopo la majani ya chai.
Daktari alitaka hesabu. Mimi sina mitambo,
nina maharage.

Mashine mlitupa, sikatai.
Ile ya barakoa na mpira mrefu,
inayompulizia kama fundi baiskeli anavyojaza tairi.
Lakini umeme wetu mnaujua:
unakatika saa nane, mashine inazimika,
barakoa inabaki usoni kama kiganja cha adui.
Usiku wa tatu aliing'oa, akaitupa uvunguni.
Paka amezalia kwenye boksi lake.

Ndipo Daktari Kihwele, yule wa meno, akasema
kuna kifaa kidogo, vipande viwili, cha juu na cha chini,
kinavuta taya mbele kama droo
na koo linabaki wazi.
Hakili umeme.
Kinaenea kwenye kopo la sabuni.

Fomu niliileta Jumatatu.
Ukasema: meno ni urembo.
Jumatatu ya pili: kifaa hakimo kwenye orodha.
Ya tatu: mtandao uko chini.
Ya nne nilikuja na kopo,
nikamwaga maharage hapa hapa, kwenye kaunta yako,
mia moja na kumi na saba, ya usiku mmoja,
nawe ukasema, kwa upole kweli,
"Mama, hatupokei vyakula."

Foleni ikacheka. Hata mimi nilicheka.
Kisha binti wa nyuma yangu, mwenye mtoto mgongoni,
akaanza kuyaokota, moja moja, akihesabu kwa sauti,
na alipofika arobaini
ofisi nzima ilikuwa kimya.

Barua ilifika mwezi jana.
"Ombi limekubaliwa kwa sehemu.
Kipande kimoja kwa mwanachama mmoja."
Taya la juu, basi. La chini tujitegemee.
Nimeuza ndama.

Sikuja kugomba, usiite mlinzi.
Jana amelala na kifaa kinywani,
udenda mpaka shingoni,
akiniaga kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.
Nilikaa na bakuli hadi jogoo.
Maharage manne.
Manne!
Kulala sikulala. Nilikuwa nasikiliza
mtu akipumua, jambo la kawaida kabisa,
kama ng'ombe zizini.

Nimefuata maharage yangu tu.
Ulisema umeyaweka kwenye droo, kama kielelezo.
Mvua zimeanza, na mbegu ni mbegu.

Lakini ngoja, kijana. Nitazame.
Mbona macho yako mekundu hivyo?
Unalala na nani chumba kimoja? Baba? Mama?
Na akinyamaza, unahesabu mpaka ngapi?

Haya.
Baki na haya kumi, ya kuanzia.