Mdaiwa wa Ukurasa wa Tisa

Duka langu liko Majengo, Moshi:
mlango wa bluu, misumari kwa kilo,
bawaba, mabomba ya nusu inchi, rangi.
Desemba hapa hatukai chini.
Wanapanda nyumbani toka Dar, toka Mwanza,
kila mmoja anataka ukuta wa mama yake
ung'ae kabla ya Krismasi.
Wiki tatu, droo haifungi.

Na mimi, miaka sita,
nilidhani droo isiyofunga ndiyo faida.

Nilichota. Gesi, nilichota.
Kipaimara cha mtoto wa Elinami,
kreti mbili za soda, humo humo,
nikisema: kwani duka si langu?
Januari ikaja na fomu za ada.
Februari muuza jumla wa Arusha akapiga simu,
mara ya kwanza kwa upole.
Nikatazama rafu: makopo manne
ya kijani kisichopendwa na mtu.

Mama Ndesario wa kikoba chetu
hakunihubiria. Aliniuliza tu,
"Boksi la misumari ulilinunua shilingi ngapi?"
Nikamtajia ninavyouza.
"Sikuuliza hilo."
Nauli ya mzigo je, kodi ya fremu,
kijana wa kushusha?
Nilijua bei ya kila kitu
isipokuwa ile niliyolipa mimi.

Basi nikaosha makopo mawili kwa tineri.
Hili la duka. Hili la nyumba.
Nikajipangia mshahara kama mwajiriwa,
Ijumaa nikajilipa, nikacheka peke yangu.

Siku ya nne tu, shemeji Anaeli mlangoni,
kofia mkononi: msiba, Kibosho,
ukoo umepanga elfu thelathini kila nyumba.
Kopo la nyumba lilikuwa na elfu nane
na kifungo cha shati.
Msiba hauambiwi usubiri mwisho wa mwezi.
Na ukoo hausomi mahesabu,
unasoma orodha: nani katoa, nani bado.

Nikafungua kopo la duka.
Mkono uliijua njia.
Ila safari hii nikavuta daftari la madeni,
ukurasa wa tisa,
chini ya fundi Lyaruu, mabati kumi,
chini ya Mwalimu Tedi, lita nne nyeupe,
nikaandika kwa mwandiko wa shule:
*Aikande. Elfu ishirini na mbili. Msiba.*

Sasa kila jioni, kabla ya kufuli,
naufungua ukurasa ule.
Lyaruu kapunguza.
Mwalimu kamaliza, kaaga na pipi.
Aikande bado.
Ana maneno matamu huyo,
na anajua ufunguo unakokaa.

Jana nimemkata elfu tano kwenye mshahara.
Alikunja uso.
Lakini hakuniuliza
kama duka si lake.