Mlango wa Kwanza

Miaka kumi na mmoja sasa, mlango wangu ndio wa kwanza.
Si wa kwanza kufunguka. Wa kwanza kukataa.
Ndio mchezo wetu wa Mtakatifu Yosefu,
hapa Monteforo, Sisilia, kila tarehe kumi na tisa ya Machi:
Yosefu anabisha kwa fimbo, nyuma yake Maria na Mtoto,
nami nasema kupitia ufa, "Hakuna nafasi. Nendeni."
Wa pili, wa Kalojero kinyozi, hivyo hivyo.
Wa tatu, kwa mama mkwe Agripina, ndipo "Karibuni",
ndipo meza, ndipo kengele, ndipo machozi ya vikongwe.

Zamani watakatifu tuliwatoa kwa maskini wa kijiji.
Siku hizi maskini wetu wana pensheni na aibu,
hakuna anayetaka kuonekana akilishwa.
Basi mwaka huu padri akashuka bondeni,
kwenye mabanda ya plastiki yanakoiva nyanya,
akarudi na Ilinka, binti wa mfunga masanduku, awe Maria,
na Ebrima wa Gambia awe Yosefu.
Mtoto tuliazima kwa mwokaji.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu jembe tulimpa siku ya kwanza;
sahani ndiyo iliyochelewa miaka minne.

Agripina hakulala siku tatu.
Mkate wa umbo la ngazi, mkate wa umbo la msumeno,
ndevu za Yosefu zilizosukwa kwa unga na ufuta,
maharage mapana, machungwa yenye majani yake,
tambi zilizonyunyiziwa makombo yaliyokaangwa,
maana ndilo vumbi la mbao, karakana ya seremala.
Nyama hakuna, ni Kwaresima,
hivyo mezani hapakuwa na kitu
ambacho Ebrima angelazimika kukisogeza pembeni
ila divai.

Alibisha mara tatu, taratibu,
kama mtu aliyezoea milango.
Nikasema maneno yangu. Niliyasema vizuri.
Nyuma yake majirani walicheka kwa kuridhika.
Kisha sauti ya chini, kwa Kiitaliano cha kazini:
"Samahani, mama. Asante."

Hakwenda kwa Kalojero.
Aliegemeza fimbo ukutani, polepole, isianguke.
Akavua joho, akalikunja mara nne kama shuka la hospitali,
akashika njia ya bondeni.

Padri alikuwa amemweleza. Alimweleza kwa haraka,
na kuna maneno ambayo mtu akishayasikia katika bandari tatu
hayawi tena mchezo.

Maria alibaki katikati ya barabara amembeba Mtoto,
anatutazama.

Aliyekimbia si padri. Si mimi.
Ni Agripina, miaka themanini na mmoja, na ndara za jikoni,
unga mpaka kwenye viwiko.
Aliuacha mlango wa tatu wazi, akapita wa pili, akapita wangu
bila kugeuza shingo,
akiita jina lisilokuwamo katika mchezo:
"Ebrima! We Ebrima! Chakula kinapoa!"

Alirudi. Alikaa. Kabla ya kugusa kitu aliuliza
kama wenzake wawili wangeweza kuja.
Walikuja saba.
Ngazi ya mkate waliivunja kuanzia kipandio cha chini,
na Agripina akamimina maji ya machungwa
katika bilauri za divai, akinung'unika
kwamba watu hawa hawali, wanaonja tu, ongezeni.

Jumapili asubuhi, hodi. Fimbo hakuna, vidole tu.
Nilichungulia: Ebrima, ameshika sufuria yangu,
ile niliyoitoa usiku ule kubebea mabaki
kwa kutojua la kufanya na mikono.
Mvuke ulikuwa ukitoka. Wali, na mchuzi wa karanga:
kwao pia, kumbe, chombo hakirudi kitupu.

Nikashika komeo.
Mdomo wangu, baada ya miaka kumi na mmoja,
ulikuwa na sentensi moja tu mahali hapo.
Nikafungua kabla haujaikumbuka.