Ukoko

Kisanduku kinasema: "Muuzaji, eleza upande wako.
Herufi zisizidi mia tatu."
Mia tatu! Mama yangu hutumia zaidi ya hizo
akiomba chumvi kwa jirani.

Haya. Naitwa Siwema Nandonde, niko Newala,
nyuma ya stendi, mlango wa bati wa buluu.
Chungu ni namba kumi na saba, cha mdomo mpana,
kazi ya mama yangu Asumini,
udongo wa bondeni, nusu siku kuupandisha kichwani,
kufinyangwa kwa gunzi na kipande cha kibuyu kikavu

(zimebaki herufi arobaini)

kikaingia motoni kimya, kikatoka kimya, hakikulia hata

Zimekwisha. Kisanduku kimegeuka chekundu
na sijafika kwenye basi.

Basi naandika huku, kwenye daftari la madeni,
maana maneno yakikosa pa kwenda huchacha.

Nilikifunga kwa majani makavu ya mgomba,
kwa magazeti, kwa kanga yangu ya zamani,
ndani ya boksi la tambi, gundi mizunguko saba.
Nikatia na kikaratasi:
"Usikibandike kikavu. Chemsha kwanza uji mwepesi wa muhogo,
umwage, kipoe, ndipo upike."
Kondakta nikampa elfu mbili ya soda
asikiweke chini ya magunia ya korosho.

Siku ya nne Aikande wa Arusha akapokea.
Nyota hazikuja.
Siku ya kumi na moja, saa nane za usiku, simu ikatetemeka:
"Bidhaa haifanani na picha. Mnunuzi ameomba kurejeshewa fedha."
Chini yake ufa mmoja, toka mdomoni hadi tumboni,
umepigwa kwa taa nzuri kuliko yangu.

Nikajibu. Nikajibiwa na mtu anayeitwa Huduma.
Huduma hana kabila, hana mtoto, halali.
Anatoa pole kabla hujasema kinachouma.
"Tunaelewa usumbufu wako."
Unaelewa nini, Huduma? Umewahi kupanda bonde na udongo?

Kulipokucha elfu thelathini na mbili zilikuwa zimechomolewa mkobani,
na nauli ya kukirudisha juu yake,
kama mgeni aliyekula msibani
akaondoka na sahani.

Mama akauliza: "Kwani yule dada amekikataa?"
"Anakirudisha."
"Basi ana adabu."

Ijumaa boksi likafika, lile lile la tambi.
Kanga haimo.
Mama akakipakata, akakigonga kwa kucha, akasikiliza.
Akaingiza pua.
Akaingiza mkono mpaka chini, akakwangua,
akaninyooshea kidole:
ukoko wa maharage.
"Moto mkali," alisema. "Na uji hakuchemsha."
Akanusa tena. "Na nazi. Nyingi."

Shauri zima alilisoma kwenye ukucha mmoja,
bila bando.

Nikaupiga picha ule ukucha, nikamtumia Huduma.
"Shauri hili limefungwa. Tafadhali tupe nyota."

Sasa chungu kipo uani, mama amekijaza majivu.
Kuku hulalia humo mchana, ule ufa unampa upepo.

Na kwa kuwa daftari halina kikomo,
wala mama hasomi mwandiko wangu,
niseme na hili.
Siku ile ya picha kilitoka kimefifia, rangi ya vumbi,
kama vyungu vyote vya haki.
Nilikipaka mafuta ya nazi king'ae.

Nimezihesabu herufi zake, pamoja na nafasi na nukta:
thelathini na nne.
Zingeenea.