Kabla Stima Haijarudi

Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Biashara, lifti mbovu.
Makori wangu kapanda mbele, ngazi mbilimbili,
mimi nyuma na goti langu, na futi ya kupimia shingoni:
nilitoka mbio kwenye sketi za shule nikasahau kuivua.

Bwana Hasmukh akatandika kitambaa cheusi, akawasha taa nne,
akaweka mawe mawili, yote ya duaradufu,
taratibu, kama mtu anayelaza watoto.

"Hili, mama, ni karati moja na nusu.
Cheti kinasema rangi safi, ndani safi."
Na mkato je, cheti kinasemaje?
Makori akageuza karatasi. Akaigeuza tena.
"Almasi ya mviringo hupewa alama ya mkato," akasema Bwana Hasmukh.
"Haya maumbo mengine, karatasi hunyamaza.
Hapo ni macho yako."

Macho yangu.
Miaka ishirini na sita nakata vitambaa.
Najua pasi hunyoosha mkunjo lakini haiponyi mkato.
Najua duka lenye taa nyingi lina sababu ya taa nyingi.

Nikaomba lenzi. Kwanza nikaona ukungu wa pumzi yangu.
Kisha nikalikunja jiwe akilini, kati kwa kati, kama ukosi:
bega hili na bega lile, yanalingana?
Lile kubwa bega moja limeinuka,
kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja.
Na chini nene, uzito wote umejificha tumboni,
upindo uliokunjwa mara tatu:
kitambaa umekilipia, hakuna atakayekiona.

Lakini chini ya zile taa liliwaka, likawaka,
hata nami nikaanza kujitilia shaka.

Ndipo stima ikapotea.

Jengo zima likasema "aah" kwa sauti moja.
Nikayabeba mawe kiganjani hadi dirishani,
Bwana Hasmukh unyounyo nyuma yangu.
Nje Julai, mbingu kama maji ya kusuuzia sufuria,
mwanga usiompendelea mtu.

Jiwe kubwa likafa.
Katikati ikatanda tai nyeusi, ile ya kipepeo,
tai ya mhudumu wa hoteli, ubavu hadi ubavu.
Nikaliinamisha, nikaliinua. Tai haikufunguka.
"Duaradufu zote zina kivuli kidogo," akasema mwenye duka,
na alisema kweli. Ila kivuli cha haki hutembea ukilitikisa jiwe;
hiki kilikuwa kimejenga.

Dogo nikaliweka juu ya kidole changu cha shahada,
pale penye kovu la sindano.
Lingekatwa bapa kama chapati, ningeliona kovu kupitia katikati.
Sikuliona. Niliona vimweko vikikimbizana ncha hadi ncha,
mbegu za haradali kwenye mafuta ya moto.

Mwezi wa tano nilimshonea Syombua gauni.
Nilimpima na vidole, akacheka, hakuuliza.
Vifupi, vya mtu wa kukanda unga.
Jiwe refu sana litamning'inia kama deni,
fupi sana litakifanya kidole kiwe gumba.
Hili dogo, urefu umezidi upana kwa karibu nusu yake.
Sikuhitaji futi. Niliitoa shingoni hata hivyo.

Stima ikarudi.
Taa nne zikafumbua macho, na lile kubwa likafufuka,
likametameta kana kwamba halijawahi kufa.
Makori akalitazama. Akatazama cheti. Akanitazama mimi.
"Lakini mama, kwani Syombua ataishi gizani?"

Ataishi jikoni, nikamwambia. Kwenye foleni ya benki.
Ofisini kwao, kwenye dirisha linaloangalia ukuta.
Asubuhi za mawingu, nazo hapa ni nyingi.
Nani atamfuata kote huko na taa nne?

Kijana akanyamaza.
Kisha, bila kumwomba mwenye duka ruhusa,
akanyoosha mkono ukutani,
akazima moja.
Akazima ya pili.