Tundu la Sindano

Mwanzoni ilikuwa jioni tu.
Mbeta moja, Ilula, nyuma ya soko la nyanya,
ulanzi bado mtamu, nyuki wakiuzonga,
na mimi fundi wa sare, kola zangu zikisimama wima.
Nani angenilaumu? Msimu ni msimu,
mwanzi ukikatwa kichwa unalia wenyewe.

Msimu ukaisha. Mianzi ikakauka midomo.
Kiu haikujua kalenda.
Hapo ningejua. Sikujua.
Nikahamia komoni, nikahamia gongo,
nikasema: baridi hii ya Juni, mtu atafanyaje?
Kisha ikaja ile saa isiyo usiku wala asubuhi,
jogoo wa kwa Kihwele hajakohoa,
shati limelowa jasho,
napapasa chupa chini ya cherehani
kama anayetafuta miwani.

Twilumba, mwanafunzi wangu, alijua.
Kila jioni kabla ya kufunga duka
alitunga uzi kwenye sindano kumi,
nyeupe, bluu, kaki,
akazichoma kwenye kimto
ili kesho nisihangaike na tundu.
Hakusema neno. Nami nilimsifu kwa wateja:
binti huyu ana bidii!
Bidii. Alikuwa ananifichia mikono.

Januari, wazazi wamepanga foleni hadi barabarani,
mtoto wa Sekikoti akarudi na shati:
mkono mmoja wafika kiganjani,
mwingine umeishia kiwikoni.
Hakucheka mtu. Afadhali wangecheka.
Jioni ile kimto kilikuwa kitupu.
"Fundi," alisema, "kesho utatunga mwenyewe."

Nikaacha. Kiume. Peke yangu, mlango na komeo.
Siku ya kwanza, kutapika.
Ya pili, sisimizi walishuka ukutani kwa mistari,
wamevaa sare, kola zimepinda, wananidai.
Usiku nikaanguka, mwili ukajipigapiga wenyewe,
ulimi nimeung'ata.
Walivunja komeo, Twilumba na mama yake,
nikapanda hospitali kwa pikapu,
katikati ya matenga ya nyanya.

Muuguzi Nyenza hakunihubiria.
Alifunga mpira mkononi, akatafuta mshipa,
akauliza bila kuinua macho:
"Nani alikwambia uache ghafla?
Mwili uliozoea pombe haunyang'anywi.
Hushushwa, ngazi kwa ngazi, na mtu amekushika."
Nikasema ni aibu yangu, nilitaka kuimalizia nyumbani.
"Aibu sina kipimo chake," alisema.
"Presha ninacho. Nyoosha mkono."

Kisha: "Asubuhi unaanza na nini?"
Miaka sita swali hilo nimelijibu: chai.
Siku ile nilijibu kweli,
na sauti ilitoka kama ya mtu wa chumba cha pili.

Sindano. Neno lile lile.
Sikuwahi kufikiri kwamba na mimi nashonwa.
Vitamini mshipani, maji kwa tone,
vidonge vikipungua siku hadi siku,
vinne, vitatu, viwili, nusu,
na usiku taa ya korido, na hatua za mtu
aliyelipwa kuhakikisha bado napumua.
Nililia kwa hilo. Kwa viatu vile vya raba.

Sasa ni Machi. Mianzi inalia tena.
Naisikia, sitakudanganya;
kwenda sokoni nazunguka kwa njia ya kanisani.
Kila Alhamisi kliniki, tunakaa saba kwenye benchi.
Wiki hii Lwidiko hakuja.
Hatukumsema. Tulimwachia nafasi yake.

Leo nimeshika uzi mweupe.
Mara ya kwanza ukapita pembeni.
Ya pili. Ya tatu.
Nikaulamba ncha, nikashika pumzi.

Twilumba alikuwa anakata kitambaa, hakugeuka.
Ila mkasi wake ulisimama.