Tanbihi ya Kumi na Tisa

Ligula, usiku. Somoe anafuatilia tanbihi ya kumi na tisa:
"Mikorosho ya Nanguruwe ilianza kufa mwaka wa njaa."
Mwandishi kamnukuu Chilumba, uk. 47.
Chilumba, uk. 47, ana picha ya ghala.
Uk. 74, basi: kanukuu ripoti.
Ripoti imenukuu kaseti.

Kaseti iko Naliendele, ndani ya kopo la maziwa.
Sauti ya mwanamke, kuku wanamkatiza:
"Huenda ilianza mwaka ule. Mie nilikuwa mdogo,
kamwulizeni Binti Mnali."

Hakuna aliyemwuliza.
Na "huenda" ilidondoka njiani,
korosho kwenye gunia lililotoboka;
ghala hadi ghala
uzito ukaandikwa uleule.

Pembeni, kwa penseli: huenda.
Kesho, nauli ya Nanguruwe.
Huyo Binti Mnali, kama bado yupo.