Shika Ukingoni

Kanda arubaini na mbili kaniachia ami Machano
ndani ya sanduku la ndizi, chini ya ngazi,
nyumba ya tofali huku Fratton, Portsmouth,
ambako unyevu hupanda ukutani bila kupiga hodi.
Nilipofunua, ukungu mweupe
ulikuwa umeshanitangulia kutazama.

Diski za pauni moja nikazikataa.
Nimeiona moja ya mwaka elfu mbili na sita,
uso umebabuka kama dari la choo.
Diski ngumu nayo siiamini ikiwa peke yake:
ilaze miaka, uje uiamshe,
tk, tk, tk,
kama mtu aliyesusa kujibu salamu.
Nikanunua zile zinazochongwa kwa mwanga mpaka ndani.
Ghali. Viatu vya baridi vitangoja.

Na adabu zake nimejifunza.
Shika ukingoni, uso usiuguse.
Zisimame wima, zisilemeane,
mbali na bomba la joto, mbali na dirisha.
Nakala moja hapa, moja Gosport kwa dada Time,
moja Leeds kwa Zuwena,
anayenung'unika kabati lake si ghala.
Kila Rajabu nazitoa, nazichezesha, nazirudisha.
Na mashine za kuzisomea ninazo mbili,
maana ufunguo ukipotea kasha ni jiwe.

Kanda ya thelathini na moja, ubavuni mwandiko wa ami:
*Harusi yangu na Mwatima, 1993.*
Saa mbili naipangusa kwa pamba.
Naichomeka: mpira.
Jezi za buluu matopeni, mvua, filimbi,
ami karekodi juu ya harusi yake mwenyewe.
Nikaiacha ijiendee, nikaenda kutia chai.

Niliporudi mpira umekwisha.
Chengachenga. Halafu ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki,
na Mwatima, ambaye nilifika nchi hii keshazikwa,
anavua kiatu kimoja, anageuka, anamcheka
bwana harusi aliyekataa kumpa mtu kamera.
Sekunde kumi na moja.
Kanda ikafika mwisho.

Time kaniambia jaza diski, usitupe pesa,
nafasi ya saa nzima unamwekea kicheko?
Nimemwekea. Yuko peke yake mle,
na jina lake sikuliandika juu ya diski, wino hula;
nimeliandika kwenye jalada.

Mpira nao sikuufuta.
Nilirudi dukani, nikanunua diski ya pauni moja.
Ami anisamehe.